Kupanga gesti Accra: uliza mtaa, maji na umeme kabla ya bei

Anayetoka Nairobi, Dar au Kampala kwenda Accra, awe anafuata vitenge, ana kikao kwenye sekretarieti ya eneo huru la biashara la Afrika au anafuatilia mambo ya chuo pale Legon, mara nyingi huanza kwa kuangalia picha za vyumba na bei. Kazi yangu ni kupanga safari za namna hiyo, na swali langu la kwanza huwa: shughuli yako iko upande gani wa jiji? Accra imetanuka sana na foleni zake ni nzito asubuhi na jioni. Gesti ya bei poa iliyo upande usiokufaa itakurudishia gharama yote kwenye teksi, na bado utapoteza saa kadhaa barabarani kila siku.

Kama unakwenda sokoni, Makola na Kantamanto ziko kusini, katikati ya mji wa zamani. Tafuta Adabraka au Asylum Down. Adabraka iko kati ya mzunguko wa barabara wa Kwame Nkrumah Circle, ambao wenyeji huuita Circle tu, na katikati ya mji. Ina gesti nyingi za miaka mingi, vyumba vya kawaida, chakula cha barabarani hadi usiku na magari ya abiria kila upande. Anayefuata simu na vifaa vyake kwenye vichochoro vya Tiptoe Lane pale Circle atafaidika zaidi na Kokomlemle. Wa vipuri vya magari anakwenda Abossey Okai, magharibi ya hapo, kwa hiyo upande wa Circle unamfaa pia.

Wa chuo asikubali kuambiwa "Accra ni ndogo". Legon iko kaskazini ya uwanja wa ndege, na barabara ya kwenda huko kupitia 37, eneo lenye hospitali ya jeshi ya jina hilo, hujaa mapema. Alale Madina kama mfuko ni mwembamba, au East Legon kama anaweza kuongeza kidogo. Mwenye vikao Ridge au Ministries, panapokaa wizara nyingi, Osu inamfaa: iko karibu, ina benki, maduka ya kubadilisha fedha na sehemu za kula kwenye Oxford Street. Ila Osu ina kelele za usiku. Chukua chumba mitaa miwili mitatu ndani, wala usikubali kinachotazama barabara yenyewe.

Jambo jingine la mtaa ni mafuriko. Mvua kubwa za Accra huanza Aprili hadi Julai, na Juni ndiyo mbaya zaidi. Mto Odaw hupita karibu na Circle ukielekea ziwa la pwani la Korle, na mitaro ikijaa takataka maji hurudi mitaani. Usiku wa tarehe 3 Juni 2015, mafuriko na moto kwenye kituo cha mafuta pale Circle viliua zaidi ya watu 150. Kwa safari ya miezi hiyo, mteja wangu akilala Circle, Kaneshie au sehemu za chini za Adabraka, naomba chumba cha ghorofani, na naiuliza mapokezi waziwazi kama maji yaliwahi kuingia uani. Anayejua mtaa wake hujibu mara moja.

Sasa umeme. Kukatika kwa umeme Ghana kunaitwa *dumsor*, na hata katika miaka yenye nafuu mtaa mmoja mmoja hukatiwa. Kila gesti itakuambia "tuna jenereta". Jibu hilo halitoshi. Uliza mambo matatu. Jenereta inawashwa saa ngapi hadi saa ngapi? Nyingine huzimwa usiku wa manane ili kuokoa mafuta. Je, inabeba AC, au ni taa, feni na soketi tu? Jenereta ndogo ya gesti haiwezi kusukuma AC za vyumba vyote kwa pamoja, kwa hiyo wanaziondoa kwenye laini yake. Na inawaka yenyewe, au inasubiri mlinzi akageuze swichi? Ukilipia chumba cha AC ambacho jenereta haiibebi, na dirisha ni la kioo kisichofunguka, umeme ukikatika saa nane usiku utalala kwenye joto kali bila upepo. Ndiyo maana kwa bajeti ndogo napendelea chumba chenye feni ya dari na madirisha yanayofunguka yenye wavu, hata kama AC ipo. Feni inakwenda hata umeme ukiwa dhaifu, wakati AC hugoma au kuzimika kila dakika chache.

Habari njema ni kwamba plagi ya nyumbani inaingia. Ghana inatumia volti 230 na soketi ile ile ya pini tatu bapa tunayoijua Kenya, Tanzania na Uganda. Chukua ekstensheni fupi tu, kwa sababu vyumba vingi vina soketi moja, na mara nyingi iko nyuma ya televisheni, mbali na kitanda.

Maji nayo huja kwa zamu katika mitaa mingi, kwa hiyo gesti hutegemea tangi, ambalo wenyeji huliita *polytank*. Ukifika, kabla hujatoa pesa, omba kuona chumba. Fungua bomba la bafuni na uliache likimwagika dakika mbili nzima. Maji yakianza kwa nguvu kisha yakafifia, tangi lina kidogo au pampu inategemea umeme, maana yake umeme ukienda na maji yanakwenda. Vuta flashi ya choo mara moja na usikilize kama inajaa tena. Angalia kama kuna ndoo na kopo bafuni: ndoo iliyojaa maji ina maana wanajua bomba hukauka, na hilo si la kukufukuza mradi waseme ukweli. Maji ya moto usiyahangaikie sana. Kwa joto la Accra, ya bomba yanatosha.

Katika ukaguzi huo huo, funga mlango kwa ndani uone kitasa kinashika, kisha utazame wavu wa dirisha kwenye pembe zake. Hapo ndipo huchanika, na tundu la upana wa kidole linatosha kwa mbu. Malaria Accra ipo mwaka mzima. Gesti nyingi za Ghana hazina neti kitandani kama tulivyozoea kwetu, kwa hiyo beba yako, ile ya kuning'inizwa kwa kamba moja, pamoja na kamba ndefu kidogo na kulabu za kubandika ukutani. Anayeishi Nairobi, Arusha au kwingine kwenye baridi asijidanganye kwamba Mwafrika hahitaji dawa ya kinga. Amwone daktari kabla ya safari, kwa sababu baadhi ya dawa huanzwa kabla ya kuondoka na kuendelezwa baada ya kurudi.

Cheti cha homa ya manjano ni lazima kuingia Ghana. Chanjo huhesabiwa kuanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, basi usiende kuichoma wiki ya safari. Kadi hiyo haina tena kikomo cha miaka 10. Tangu 2016 inatambuliwa maisha yote. Iweke pamoja na pasipoti, usiifungie kwenye sanduku, maana utaulizwa ukifika na huenda ukaulizwa tena ukirudi nyumbani. Masharti ya viza yathibitishe ubalozini kabla ya kulipia tiketi. Ukitakiwa kuonyesha mahali utakapolala, weka nafasi inayoweza kufutwa bila faini.

Kwenye kuweka nafasi ndiko watu wengi huumia. Ukibuku mtandaoni kwa kulipa ukifika, gesti ndogo haina uhakika kama utakuja. Usiku ukiingia na mtu mwenye pesa mkononi akasimama mapokezi, chumba chako kinaondoka. Kinga yake ni simu. Tafuta namba yao ya WhatsApp, tuma ujumbe ukitaja jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya ndege, saa ya kutua na aina ya chumba, kisha uthibitishe tena siku moja kabla. Wakidai malipo ya awali, toa ya usiku mmoja tu, na jina la anayepokea lifanane na la gesti au meneja aliyejitambulisha. Akaunti ya mtu ambaye hakuna anayemjua ni sababu ya kutafuta kwingine. Kumbuka pia saa: Ghana iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ukipiga simu saa mbili asubuhi ukiwa Dar, kule ni saa kumi na moja alfajiri, na atakayepokea ni mlinzi.

Omba pia anwani ya kidijitali ya GhanaPostGPS. Ni herufi mbili na namba, na kwa mkoa wa Accra huanza na G. Pamoja nayo, omba alama ya karibu: kituo cha mafuta, kanisa, taa za barabarani. Namba za nyumba hazitumiki sana, na dereva wa usiku atakuuliza alama kwanza.

Bei iulize kwa cedi, fedha ya Ghana. Sheria ya Ghana hairuhusu biashara ya kawaida kutoza kwa dola bila kibali cha Benki Kuu, na thamani ya cedi imeyumba sana: mwaka 2022 ilianguka vibaya, 2025 ikapanda kwa kasi. Chumba kilichoandikwa kwa dola mtandaoni kinaweza kugeuka ghali au rahisi kwa kubadilishwa kiwango tu, basi kubalianeni kiasi cha cedi kwa usiku na kibaki kwenye WhatsApp. Uliza kama kimejumuisha VAT, tozo zake na ile asilimia 1 ya utalii, maana wengine huziongeza siku ya kuondoka. Kaa usiku mitano au zaidi na uombe punguzo; mwombe meneja, kwa sababu wa mapokezi kwa kawaida hana mamlaka hayo. Desemba usitegemee punguzo. Waghana wa ughaibuni hurudi kwa sherehe, vyumba hujaa na bei hupaa, na ni mwezi ninaowashauri wafanyabiashara wauepuke kabisa kama hawana ulazima.

Mashine ya kadi ipo kwenye baadhi ya gesti, na mtandao wake hukatika. Fika ukiwa na cedi za usiku wa kwanza. Badilisha kidogo uwanjani na kiasi kikubwa mjini kwenye duka lenye leseni. Noti za dola 100, safi na mpya, hupata bei nzuri kuliko ndogo. Wenyeji wenyewe hulipa kwa MoMo, yaani pesa za simu, na M-Pesa yako haitakusaidia kaunta.

Uwanja wa ndege wa Accra uko ndani ya jiji, si zaidi ya kilomita 10 hivi hadi Osu. Agiza gari kwa programu ya simu kama Bolt, Uber au Yango kwa kutumia waifai kabla ya kutoka nje. Teksi za kawaida, zenye rangi ya njano au chungwa kwenye pembe za bodi, hazina mita. Patana kabla ya kupanda na useme ni *dropping*, yaani unaikodi peke yako. Mchana tumia *trotro*, daladala za kule. Konda wake anaitwa *mate*, anaita kituo kwa sauti, na noti ndogo zinahitajika.

Kelele za Accra ni za namna mbili: baa, wanazoziita *spot*, na makanisa yenye mikesha, hasa usiku wa Ijumaa. Uliza vyote viwili. Kuna kipindi cha utulivu cha siku 30 hivi, kwa kawaida kati ya Mei na Juni, ambapo baraza la jadi la Waga, wenyeji wa asili wa Accra, hupiga marufuku ngoma na vipaza sauti kabla ya sherehe ya Homowo. Anayelala usingizi mwepesi na kipindi hicho kinamfaa, achukue.

Chakula hakina shida. Asubuhi gesti hutoa mayai na mkate. Ukiagiza "tea" unaweza kuletewa Milo, basi taja majani ya chai. Nje utapata *waakye*, wali na kunde kwenye majani, na mama muuzaji mwenye foleni ndefu saa moja asubuhi ndiye wa kumfuata, kwa kuwa chakula chake hakilali. Maji ya kunywa nunua ya pakiti za nusu lita. Mfuko mmoja huwa na pakiti 30 na unatosha siku kadhaa chumbani.

Siku ya mwisho, muda wa kutoka kwa kawaida ni saa sita mchana. Ndege ikiwa ya usiku, ongea na meneja siku moja kabla: wengi hukubali uache mizigo mapokezi bure, wengine hutoza nusu siku kwa chumba. Anayerudishiwa gharama na ofisi adai ankara yenye mchanganuo wa kodi usiku wa kuamkia kuondoka, kwa sababu asubuhi mwenye kitabu cha ankara mara nyingi hajafika kazini.