Pesa za kuazima hazikupi viza

Wiki hii nimeulizwa tena: "Akaunti iwe na kiasi gani ndipo nipewe viza?" Muulizaji alishajipangia kila kitu. Shemeji yake atamwekea pesa, yeye atachukua taarifa ya benki yenye mhuri, atapeleka maombi, halafu pesa zitarudi kwa mwenyewe. Alichotaka kwangu ni kuambiwa tu zikae siku ngapi. Nikamjibu kwamba hata zikikaa mpaka zizae hazitamsaidia. Akaniona nina roho mbaya.

Basi ngoja niliandike, ili siku nyingine nitume kiungo niendelee na kazi.

Afisa wa viza ana maswali mawili: huyu atarudi? Na anayoyasema yanaingiana? Pesa ni ushahidi mmojawapo tu wa hayo. Wamarekani hawakuficha, sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b), inamhesabu muombaji wa viza ya matembezi kuwa anataka kuhamia mpaka amridhishe afisa kwamba sivyo. Yaani unafika dirishani umeshashukiwa, na kujitoa ni juu yako. Nchi 29 za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zina fomu ya kukataa yenye visanduku, na ninachokutana nacho sana ni kile cha mashaka juu ya nia ya muombaji kuondoka kabla viza haijaisha. Uingereza nao wanataka kujiridhisha kwamba wewe ni mgeni wa kweli. Ni kweli nchi za Schengen zina viwango vya pesa za kujikimu kwa siku, lakini hicho ni kizingiti cha chini. Ukikivuka mara ishirini hupewi alama za ziada.

Sasa tuisome taarifa ya benki kama anavyoisoma afisa. Mshahara unaingia kila tarehe 28. Ikifika tarehe 10 akaunti imebaki na vumbi. Miezi mitano inakwenda hivyo hivyo: kodi ya nyumba, ada ya shule, za kumtumia mama, vocha. Mwezi wa sita, wiki mbili kabla ya maombi, zinaingia taslimu zinazolingana na mshahara wa miezi minane. Maelezo hakuna, mkataba wa kuuza kitu hakuna. Toka hapo akaunti haiguswi. Hata vocha hainunuliwi tena. Ni mtu gani huyo anayepata pesa nyingi kisha akaacha kuishi?

Na kinachonikera hasa ni hiki. Ile miezi mitano ya kwanza ilikuwa ushahidi mzuri! Inaonesha mtu mwenye kazi, mwenye watoto shuleni, mwenye mama anayemtegemea. Sababu zake zote za kurudi nyumbani zilikuwa pale pale, zimechapwa na benki bila kuombwa, akaja kuzifunika kwa pesa za shemeji. Afisa sasa haangalii tena ada ya shule, anaangalia ile taslimu. Na akishakosa imani na karatasi moja, haiamini barua ya mwajiri wala ya likizo.

Sisemi pesa nyingi zisiingie. Umeuza kiwanja? Ambatisha mkataba wa mauzo. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa kimegawana? Leta barua yake. Na huyo shemeji, kama kweli anataka kukulipia safari, kwa nini mumfiche? Ajitokeze kama mdhamini, kwa barua yake na taarifa ya benki yake mwenyewe, na mwoneshe mna undugu gani. Hilo linakubalika kabisa. Halafu punguza safari ilingane na maisha yako. Anayelipwa mshahara wa kawaida akiandika wiki tatu kwenye hoteli ya kifahari, bajeti yake peke yake inamchoma. Siku nane kwenye nyumba ya wageni zinaeleweka.

Mengine nayapitia haraka maana yameandikwa kila mahali. Kwa Schengen, pasipoti iwe na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka, na isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Bima iwe ya euro 30,000 kwenda juu. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Peleka maombi siku 15 kabla ya safari au mapema zaidi, ila si zaidi ya miezi sita. Omba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, usikimbilie ubalozi unaosifiwa kijiweni kwamba ni mlaini. Tiketi usinunue, weka nafasi tu. Mwaliko nao unaeleza kwa nini unakwenda. Kwamba utarudi, mwenyeji wako hawezi kukusemea.

Kuna mambo yanayoninyima raha. Kijana hajaoa, hana mtoto, hana kiwanja, amejiajiri na wateja wanamlipa kwa simu. Nimwambie aoneshe nini? Tunakusanya leseni ya biashara, risiti za kodi, miamala ya mwaka mzima, mikataba ya kazi zinazomsubiri akirudi. Wakati mwingine inatosha, wakati mwingine wapi. Kigezo hiki kinawabeba waliokwisha kujipanga maishani, na sina dawa yake. Nimeona pia maombi mawili yanayofanana kama mapacha, moja likapita jingine likagonga mwamba. Na ile barua ya maelezo ninayoihangaikia, sina hakika kama wanaisoma yote, ndiyo maana siku hizi haizidi ukurasa mmoja. Kwa Wamarekani mahojiano ni dakika chache, na mara nyingi afisa haulizi karatasi hata moja. Ana fomu yako ya maombi, DS-160, mbele yake na anakusikiliza unavyojibu. Folda yako nene utarudi nayo ilivyo.

Ukinyimwa, usiende kuomba kesho yake na makaratasi yale yale. Kwa 214(b) hakuna rufaa, ila unaweza kuomba upya. Swali ni nini kimebadilika. Schengen unaruhusiwa kukata rufaa, na utaratibu wake umo kwenye barua ya kukataliwa. Fomu inayofuata ikiuliza kama umewahi kunyimwa viza, andika ndiyo. Kunyimwa si kosa, kudanganya ndiyo kosa: Kanada wanakufungia miaka 5, Uingereza inaweza kufika 10, na Marekani marufuku haina mwisho usipopata msamaha maalumu. Taarifa ya benki ya kughushi nayo imo humo humo, hata kama aliyeitengeneza ni wakala na wewe ulitia sahihi tu bila kusoma.

Na ukiipata, usitupe makaratasi. Viza inakufikisha mpakani. Wa kukuingiza ni afisa wa pale, naye ana haki ya kukuuliza upya unalala wapi, unarudi lini na nani analipa. Nafasi ya hoteli, bima na tiketi ya kurudi viwe kwenye begi la mkononi. Mzigo uliokabidhi utaupata ukishapita kwake.