Swali fupi, kisha kimya

Nilipoanza kazi ya ukocha, yaani kumsaidia mtu kwa maswali ajitafutie njia katika kazi na maisha yake, nilikuwa na daftari lililojaa maswali. Niliyaokota kila nilipoyasikia, nikayapanga kwa mada, na kabla ya kikao nilichagua matatu au manne ambayo niliamini yangemtikisa mteja. Siku moja mteja alianza kunieleza jinsi anavyoshindwa kumkabidhi msaidizi wake kazi yoyote ya maana, nami badala ya kumfuata alikokuwa anaelekea nikamtupia swali nililokuwa nimeliandaa kuhusu ndoto zake za miaka mitano ijayo. Alinijibu kwa adabu, kikao kikaisha salama, na lile jambo la msaidizi halikutajwa tena. Daftari lile sikulifungua tena.

Swali lenye nguvu, kama ninavyolielewa sasa, ni lile linalomwachia mteja kazi ya kufikiri, na mara nyingi halina uzuri wowote ukilisoma karatasini. John Whitmore, aliyechangia sana kuueneza mfumo wa GROW unaokipeleka kikao kutoka lengo, hali halisi na njia zilizopo hadi hatua ya kuchukua, alisisitiza kwamba ukocha unalenga kuamsha utambuzi na uwajibikaji, na alipenda kulieleza hilo kwa mfano wa tenisi, mchezo ambao mwalimu wake mmoja, Timothy Gallwey, aliutumia katika miaka ya 1970 kuonyesha jinsi maelekezo mengi ya mwalimu yanavyomvuruga mchezaji. Ukimwuliza mchezaji kama anautazama mpira, atasema ndiyo hata kama hautazami. Lakini ukimwuliza mpira unazunguka kuelekea upande gani unapomjia, hawezi kukujibu pasipo kuutazama. Hakuna aliyemwamuru afanye hivyo. Swali lenyewe ndilo lililoyapeleka macho yake pale yalipohitajika.

Shirikisho la Kimataifa la Makocha, ICF, lilipopitia upya orodha yake ya umahiri mwaka 2019 liliipunguza kutoka vipengele 11 hadi 8, na kuuliza maswali yenye nguvu, ambako awali kulikuwa kipengele kinachojitegemea, kukaingizwa ndani ya kipengele kipana cha kuamsha utambuzi. Naona walifanya vyema, kwa sababu swali lililotenganishwa na usikivu hugeuka pambo tu.

Sisi tunaofanya vikao kwa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada, nao ni neno "mbona". Neno hili huuliza na kulaumu kwa pumzi moja. Ukimwambia mteja, "Mbona hukumpigia?", utapata utetezi wala hutapata tafakuri. "Kwa nini" ni laini kidogo, lakini nalo humsukuma mtu atafute sababu ya kujitetea, hasa linapohusu jambo alilokwisha kulifanya au kushindwa kulifanya. Mimi hupendelea kuuliza, "Ni nini kilitokea uliposhika simu?", kwa kuwa hapo mteja hulazimika kurudi kwenye tukio lenyewe na kulitazama. Mtego mwingine ni ushauri uliovikwa alama ya kuuliza: "Huoni kwamba ingekuwa bora uzungumze na mkuu wako kwanza?" Hilo si swali. Ikiwa nina ushauri, ni uungwana kuutoa waziwazi na kumwachia mteja aukubali au aukatae.

Kati ya maswali yote ninayoyatumia, lililonifaa zaidi ni lile la mizani. Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, waasisi wa tiba inayojikita katika suluhisho, waliitumia sana mizani ya namba, na William Miller na Stephen Rollnick nao waliitumia katika mahojiano ya kuamsha ari, mbinu ya kumsaidia mtu azitaje mwenyewe sababu zake za kubadilika. Ninasimulia kikao kimoja kwa ruhusa ya mhusika, nikiwa nimebadilisha mambo madogomadogo. Alitaka kuacha kuikagua kila barua inayotoka katika idara yake. Nilimwuliza, kati ya 0 na 10, yuko tayari kiasi gani kuanza. Akasema nne. Shauku yangu ilinituma kuuliza kwa nini si nane, na kama ningefanya hivyo angenimwagia vizuizi vyote anavyovijua. Nikamwuliza kwa nini hakusema mbili. Akafikiri, kisha akaanza kuhesabu: msaidizi wake ameandika barua sita bila kosa, yeye mwenyewe amechoka kubaki kazini hadi usiku, na mwezi uliopita alipokuwa mgonjwa idara haikuanguka. Hoja za kubadilika zilitoka kinywani mwake mwenyewe, na hakuna hata moja ambayo ningeweza kumtungia.

Baada ya swali kama hilo, kazi ya kocha ni kunyamaza, nayo ni ngumu kuliko inavyosikika. Mary Budd Rowe, aliyechunguza walimu wa sayansi darasani, aligundua kwamba kwa wastani walisubiri takribani sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba waliporefusha subira hiyo hadi sekunde 3 au zaidi, wanafunzi walitoa majibu marefu na yenye hoja. Mimi nilikuwa na ugonjwa huohuo: nikiona kimya kimetanda naongeza swali la pili, halafu la tatu la kufafanua la pili, na mteja, kama mtu yeyote mwenye akili, hujibu lililo rahisi zaidi. Siku hizi naweka mikono juu ya mapaja na kuhesabu pumzi zangu.

Yule mteja wa barua alipomaliza hoja zake nilimwuliza ataanza na nini, na lini. Akasema Jumatano, kwa barua za mialiko pekee. Nikamwuliza ni kitu gani kinaweza kumzuia Jumatano hiyo. Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba nilianza kujiuliza kama amelisikia swali, kisha akacheka na kusema, "Mimi mwenyewe, kocha, nitakapoiona bahasha." Nusu saa iliyobaki tuliizungumzia bahasha hiyo.