Jioni tulivu Mwanza si dhamana ya usiku ziwani

“Anga jeupe, leo ziwa limelala.” Kauli hii naisikia kila vuli kwenye mwalo wa Kirumba, wavuvi wa dagaa wakipakia taa. Huwa inanitia hofu. Mchana nchi kavu hushika joto, upepo ukavuma kutoka ziwani, mawingu yakajikusanya huku kwetu. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa upesi, maji hubaki na uvuguvugu, na pepo za kutoka nchi kavu pande zote huvuma kuelekea ziwani. Zikikutana huko katikati, hewa yenye unyevu hupanda na radi huzaliwa, mara nyingi kati ya usiku wa manane na alfajiri, wewe ukiwa mbali na nchi kavu. Ndugu yangu, sikiliza kwanza utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Na jaketi la kuokolea maisha livae, lisilale chini ya nyavu.