Usenet ilivyobadilishiwa majina, na herufi moja iliyobaki

Vijana ninaowafundisha kazi ya seva wakikutana na Usenet, mtandao wa zamani wa majadiliano kwa kompyuta, kwa mara ya kwanza hudhani kwamba majina kama comp.lang.c na rec.food.cooking yalipangwa hivyo tangu mwanzo na mtu mmoja mpenda utaratibu. Sivyo. Mpangilio ule ulizaliwa katikati ya mvutano mkubwa, kati ya Julai 1986 na Machi 1987, na kiini chake kilikuwa gharama za simu.

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke kule Carolina Kaskazini. Kompyuta moja iliipigia nyingine simu kwa modemu, mara nyingi usiku, zikapeana ujumbe uliokusanyika, kisha ile ya pili ikaipigia ya tatu. Vikundi vya majadiliano vilikuwa katika mafungu matatu: net kwa yeyote, mod kwa vikundi vyenye msimamizi wa kupitisha ujumbe, na fa kwa yaliyotoka ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Mtandao ulipokuwa mdogo, hayo yalitosha.

Kufikia katikati ya miaka ya 80 mzigo ulikuwa umewaelemea wachache. Kompyuta chache zilizoitwa uti wa mgongo ndizo zilizosafirisha ujumbe mwingi wa masafa marefu. Mojawapo ni seismo, huko Virginia, chini ya Rick Adams, iliyounganishwa na mcvax ya Amsterdam. Simu ya kuvuka Atlantiki haikuwa bei rahisi, na watu wa Ulaya walikuwa radhi kulipia mijadala ya Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, si matusi ya net.flame wala ubishi wa net.religion. Tatizo ni kwamba vyote vilikaa chini ya net. Fundi aliyetaka kuacha vikundi vya ubishi ilimbidi avitaje kimoja kimoja kwenye faili la mipangilio, na kila kipya kikizuka, aongeze tena.

Hapo ndipo mafundi wa uti wa mgongo wakaja na mafungu saba: comp (kompyuta), misc (mchanganyiko), news (mambo ya Usenet yenyewe), rec (burudani), sci (sayansi), soc (jamii) na talk (ubishi). Siasa na dini zikahamishiwa talk, na kuanzia hapo fundi aliandika !talk, yaani "talk yote iachwe", mara moja tu, akamaliza. Nasema wazi: talk iliundwa ili iwe rahisi kuachwa. Anayeona mafungu yale kama orodha ya maktaba tu anakosa nusu ya habari.

Lakini jambo ninalolipenda zaidi katika mabadiliko yale ni lililotokea kwa vikundi vya mod, na hili husimuliwa kwa nadra. Hapo awali B News, programu iliyoendesha Usenet kwenye kompyuta hizo, ilijua kikundi kina msimamizi kwa kuangalia jina lake: likianza na mod, basi. Matokeo yake mada moja iligawanyika sehemu mbili zilizo mbalimbali. Akili bandia ilikuwa net.ai na pia mod.ai, programu za kugawana zilikuwa net.sources na pia mod.sources. Jina lilikueleza nani anapitisha ujumbe kabla ya kukueleza kinazungumzwa nini.

Toleo la 2.11 la B News likatenganisha mambo hayo mawili. Kila kompyuta ilikuwa na faili liitwalo active, lenye mstari mmoja kwa kila kikundi: jina, namba ya ujumbe wa mwisho, namba ya wa kwanza uliobaki, na herufi moja mwishoni. Herufi y ilimaanisha andika upendavyo. M ilimaanisha kuna msimamizi. Kwa hiyo mod.sources ikawa comp.sources.unix, mod.risks ikawa comp.risks, na usimamizi wake ukabebwa na ile m.

Ukiandikia comp.sources.unix, programu iliona m, ikatafuta kwenye kichwa cha ujumbe mstari wa Approved, yaani "umeidhinishwa". Mstari huo usipokuwepo, haikuuchapisha ujumbe; iliutuma kwa barua pepe kwenye anwani iliyotokana na jina la kikundi, nukta zikigeuzwa vistari: comp-sources-unix. Kompyuta za uti wa mgongo zilijua barua hiyo iende kwa nani. Msimamizi akiridhika aliongeza mstari wa Approved, akautoa. Hapakuwa na nywila. Yeyote aliyeujua mstari huo angeweza kuuandika mwenyewe, na kwa miaka mingi heshima ndiyo iliyoulinda kuliko teknolojia.

Kuhama kwenyewe kuliwatesa watu. Jina la kikundi lilikuwa pia njia ya folda kwenye diski: net.lang.c ilikaa net/lang/c. Na msomaji alikuwa na faili lake la .newsrc, lenye mistari kama net.lang.c: 1-1532, yaani ameshasoma mpaka hapo. Jina likibadilika, namba hizo hazina maana tena. Kwa kompyuta zilizochelewa kuboreshwa palitumika faili la aliases, jina la zamani na jipya yakikaa bega kwa bega, ili ujumbe wao usipotee njiani.

Manung'uniko hayakukosekana, kwa sababu waamuzi walikuwa wachache: mafundi wa uti wa mgongo, akiwemo Gene Spafford, kundi lililojulikana kama Backbone Cabal. Binafsi naona walikuwa na haki ya kuamua watakachobeba kwa fedha za taasisi zao, ila hawakuwa na haki ya kuamua watu wazungumze nini. Mei 1987 Brian Reid, aliyesimamia kikundi cha mapishi, alikutana na John Gilmore na Gordon Moffett kwenye mgahawa mmoja wa Mountain View, California, wakaanzisha fungu la alt, lililopita nje ya njia za uti wa mgongo. Hapakuwa na wa kuombwa ruhusa.

Ile m bado inatumika. Ipo kwenye RFC 3977 ya mwaka 2006, waraka wa kanuni za mtandao unaoeleza namna seva za Usenet zinavyozungumza, na INN, programu ya seva hizo, hadi leo huzipeleka barua za vikundi vyenye msimamizi kwenye anwani zenye vistari badala ya nukta, kama ilivyofanya B News.