Kiingereza cha Uraia Kinafundishwa na Fomu, Si Orodha ya Maneno

Wanaokuja kwenye darasa letu la watu wazima hapa Kisumu kutafuta Kiingereza cha uraia ni wa namna mbili. Wapo wenye safari: wazazi walio na watoto Minnesota au Texas na karatasi za kuwaita zimeanza kutembea, pamoja na wauguzi na walezi wa wazee wanaolenga Uingereza. Na wapo wasio na safari yoyote. Hawa ni wafanyabiashara wa soko la Kibuye, wanachama wa vyama vya akiba na wazee wa mtaa, waliochoka kupewa tangazo la kaunti lililoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili kisha kuulizwa, "Maoni yenu ni yapi?" Wote hukaa benchi moja, na ombi lao la kwanza ni lile lile: mwalimu, tupe orodha ya maneno.

Orodha zipo, na mtandaoni ni za bure. Lakini neno la uraia halijakamilika maana mpaka ujue linasemwa na sheria ya nchi gani na limekaa kwenye karatasi gani. Aliyekariri maneno mia mbili bila kujua hayo ataingia kwenye usaili akijibu swali ambalo hakuulizwa. Ndiyo maana sisi huanza na karatasi ambayo mwanafunzi anayo tayari mfukoni.

Karatasi hiyo ni kitambulisho. Kile cha kabla ya Maisha Card, kadi mpya ya kitambulisho cha Kenya, kina Kiingereza ambacho wengi wetu tumekibeba miaka na mikaka bila kukisoma: "full names", "district of birth", "place of issue", "holder's sign". "Place of issue" ni mahali kadi ilipotolewa, wala si ulipozaliwa, na watu huzichanganya hizi mbili kila mara wanapojaza fomu nyingine. "Holder" ni wewe mwenye kadi. Baada ya saa moja darasa zima limeshapata maneno manane au kumi ambayo halitayasahau, kwa sababu kila neno lina jina au tarehe ya mtu mwenyewe mbele yake.

Kutoka hapo tunaingia kwenye pasipoti, na huku kwetu Nyanza pasipoti ina kesi yake. Fomu za nje huuliza "surname" au "family name" zikidhani nyumba nzima inashika jina moja. Kwa Waluo, Otieno ni aliyezaliwa usiku na Achieng' ni aliyezaliwa jua likiwa utosini. Si lazima jina hilo lirithiwe. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matatu tofauti ya mwisho, na hakuna anayeshangaa kijijini. Afisa wa ubalozi atashangaa. Leo mtu anaandika jina la baba kwenye "surname", mwezi ujao kwenye fomu nyingine anaandika la babu, na kwenye kompyuta tayari amekuwa watu wawili. Kanuni tunayowapa ni fupi: lililo kwenye mstari wa "surname" wa pasipoti yako ndilo utakaloandika kila mahali, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo. Na ile alama ya juu katika Achieng' au Ng'ong'a iangalieni kwa makini, maana mifumo mingine huimeza, ukajikuta cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na tiketi inasema vile.

Majina yakigongana, kuna maneno matatu utayahitaji. "Affidavit" ni hati ya kiapo, unayoapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote yaliyotajwa ni ya mtu mmoja. "Deed poll" ni hati ya kubadilisha jina kisheria. La tatu ni "alias", ambalo sisi tumelizoea kwenye habari za majambazi. Kwenye fomu linauliza tu kama umewahi kutumia jina lingine. Mama aliyeolewa na kubadilisha jina anajibu ndiyo, na hajakiri kosa lolote.

Sasa tuje kwenye uraia wenyewe. Katiba ya 2010 ina njia mbili za kuwa Mkenya: "by birth" na "by registration". Wengi hudhani "by birth" ni kuzaliwa ndani ya mipaka. Kifungu cha 14 kinasema jambo lingine: wewe ni raia wa kuzaliwa iwapo siku uliyozaliwa mama yako au baba yako alikuwa raia wa Kenya, uwe ulizaliwa Kenya au popote. Mtoto wa mama Mkenya aliyezaliwa Tororo ni Mkenya wa kuzaliwa. Mtoto wa Waganda wawili aliyezaliwa hospitalini Busia, upande wa Kenya, si Mkenya kwa sababu hiyo peke yake. Hilo la mama lilikuja na katiba hii. Chini ya ile ya zamani mama hakuweza kumpa uraia mtoto aliyezaliwa nje ya nchi. Marekani nako, maneno hayo hayo yanafuata ardhi: kwa Marekebisho ya 14 ya katiba yao, anayezaliwa kwao kwa kawaida ni raia, wazazi wawe wa wapi.

"Registration" nayo isikuchanganye. Unasajiliwa kuwa mpiga kura, unasajiliwa kuzaliwa, unasajiliwa kupata kitambulisho. Lakini "citizenship by registration" ni ya mgeni anayeomba uraia, kwa mfano aliyeishi Kenya kihalali miaka saba mfululizo au aliyeoana na Mkenya kwa muda usiopungua miaka saba. Jambo kama hilo Wamarekani huliita "naturalization". Ukilitafuta neno hilo katika Katiba yetu ya sasa hutalipata.

Yapo maneno yanayopotosha kwa sababu tunayajua tayari kwa maana nyingine. "Leave" kwetu ni likizo ya kazini. Uingereza, "indefinite leave to remain" ni ruhusa ya kuishi kule bila tarehe ya mwisho. Hata hivyo si uraia, na ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo, ruhusa hiyo kwa kawaida inakufa. "Sponsor" kwenye vijiwe vyetu ni mpenzi mwenye pesa anayekulipia mambo, sihitaji kueleza zaidi. Darasa hucheka kabla sijamaliza kuliandika ubaoni. Kwenye viza ya kazi ya Uingereza, "sponsor" ni mwajiri mwenye leseni ya serikali ya kuajiri watu kutoka nje, na "certificate of sponsorship" ni rekodi ya kielektroniki yenye nambari. Hakuna pesa mle ndani. Marekani, "sponsor" ni ndugu anayetia sahihi kiapo kwamba hutakuwa mzigo kwa serikali. Ajenti anayekwambia "nimekupatia sponsor" muulize ni yupi kati ya hawa.

Neno ninalolipenda kulifundisha kuliko yote ni "petition", kwa sababu linaunganisha makundi yangu mawili. Kwa mzee mwenye binti Texas, ni fomu I-130 ambayo binti anaijaza kuthibitisha kwamba huyu ni babake. Ikipitishwa, kilichopitishwa ni undugu tu, viza bado. Watu wameuza shamba wakidhani "petition approved" ni ruhusa ya kupanda ndege. Kwa mama wa Kibuye, "petition" ni ombi rasmi ambalo kila mtu ana haki ya kulipeleka Bungeni kwa Kifungu cha 119 cha Katiba, au kwa serikali ya kaunti kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012: mtaro umeziba, taa hazijawekwa, choo cha soko kimefungwa. Na mwaka wa uchaguzi, "petition" ni kesi. Ya urais hupelekwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa, na korti ina siku 14 za kuiamua.

Kuhusu mitihani yenyewe sitakaa sana, maana habari zake ni rahisi kupata. Ule wa Uingereza uitwao "Life in the UK" una maswali 24 kwa dakika 45, na unahitaji kupata 18. Wa Marekani hufanywa kwa mdomo: walioomba uraia kuanzia 20 Oktoba 2025 wanasoma maswali 128, afisa anauliza hadi 20, na 12 sahihi yanatosha. Walioomba kabla ya hapo wana 100, wanaulizwa hadi 10, wanatakiwa kupata 6. Ukishapata majibu 6 au 12 sahihi, afisa anaachia hapo.

Watu hukesha wakikariri hayo, ilhali Kiingereza kigumu kiko kwenye fomu. Afisa wa Marekani hupima kuzungumza kwako kwa kukuuliza maswali ya fomu yako mwenyewe ya kuomba uraia, ile N-400, na humo kuna msururu unaoanza "Have you EVER", neno la mwisho likiwa kwa herufi kubwa. Halimaanishi mwaka huu wala tangu uhame. Ni tangu uzaliwe. Fomu ya viza ya uhamiaji, ambayo mzazi huijaza akiwa bado hapa nyumbani, ina maswali ya aina hiyo pia. Wakati mmoja mama muuza samaki aliinua mkono: "Mwalimu, kanjo (askari wa kaunti) walinishika nikiuza bila leseni, nikalala ndani siku moja. Hiyo nayo ni 'arrested'?" Swali zuri kuliko yote ya muhula. Fomu inauliza kama ulikamatwa. Haiulizi kama wewe ni mhalifu. Tulimwambia aandike ndiyo, aeleze kwa sentensi mbili, na kama kuna risiti ya faini ya korti aitafute. Faini ya kanjo si kitu mbele ya uongo kwenye fomu ya serikali. Jioni hiyo tulifanya igizo, mmoja afisa na mwingine mwombaji, na sentensi iliyorudiwa zaidi ni hii: "Sorry, could you repeat the question?" Kuomba swali lirudiwe kunaruhusiwa. Kuitikia "yes" kwa heshima hali hujaelewa ndiko kunakoharibu.

Kisha kuna kiapo. Raia mpya wa Marekani huapa kwa maneno "renounce and abjure", yaani anakana utii wake kwa dola nyingine yoyote. Watu wetu wanaposikia hivyo, hasa wazee, huogopa kwamba wameukana Ukenya na shamba la baba. Kiapo hicho ni cha sheria ya Marekani. Sheria ya Kenya, Kifungu cha 16 cha Katiba, inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Anachodaiwa na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ni kuitaarifu serikali ndani ya miezi mitatu, na neno lake kwenye fomu ni "disclose". Waliochukua uraia wa nje kabla ya Agosti 2010 hali yao ni tofauti: waliupoteza wa Kenya, ila wanaweza kuuomba tena, na neno lao ni "regain". Aliyekuwa Mkenya "by registration" asijifariji kwa Kifungu cha 16, kwani hakimtaji. Mwenye uraia wa nchi mbili pia ajue kwamba Kifungu cha 78 kinamzuia, isipokuwa katika hali chache, kushika wadhifa wa afisa wa dola, ubunge na udiwani wa kaunti zikiwemo.

Nirudi kwa wasio na safari. Tangazo la kaunti huwa na sentensi moja ndefu: "hereby invites members of the public to submit memoranda". Ondoa "hereby", haibebi kitu. Kinachobaki ni mwaliko wa kuleta maoni kwa maandishi, na "memoranda" ni wingi wa "memorandum". Barua ya ukurasa mmoja ni memorandum. "Bill" hapa ni mswada, wala si ile ya stima. "Estimates" ni makadirio ya bajeti, ambayo lazima yafike bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Lakini neno la kuliwinda ni "ceiling", na halina uhusiano na dari. Ni kikomo cha pesa ambacho kila idara imewekewa, na hupangwa kwenye waraka wa mikakati ya fedha unaopelekwa bunge la kaunti kufikia 28 Februari. Kisumu ina wadi 35, na wananchi hujaa kwenye vikao vya Aprili kudai barabara wakati kikomo cha idara ya barabara kilishawekwa miezi miwili nyuma. Anayejua "ceiling" hufika Februari.

Na ukitaka kuona hesabu zenyewe kabla ya kwenda kusema lolote, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuziomba, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Sheria hiyo inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, anaeleza kwa mdomo na afisa analazimika kumwandikia na kumpa nakala yake.