"Kesi imeisha" kwenye madai maana yake nini hasa

Utamsikia mtu anatoka mahakamani anapiga simu nyumbani, "kesi imefutwa, tumeshinda", watu wanafurahi, halafu baada ya mwezi analetewa samansi nyingine, madai yaleyale na mdai yuleyule. Hajaonewa hapo. Kufutwa sio kushinda. Hapa Tanzania hakimu akifuta kesi ya madai mara nyingi ni kasoro tu, labda imefunguliwa mahakama isiyo na mamlaka au hati ya madai ina shida, ugomvi wenyewe haujaguswa kabisa, kwa hiyo mdai akirekebisha anarudi upya ilimradi muda wa kisheria haujampita (mkataba miaka 6, ardhi miaka 12). Kutupiliwa mbali ndio habari nyingine, hapo inabaki rufaa, au kama ilitupwa sababu mdai hakutokea aombe irudishwe akiwa na sababu ya maana. Kwa hiyo kabla hujashangilia uliza amri imeandikwa neno gani.

Ikisikilizwa mpaka mwisho, kipimo sio kama cha jinai. Hakuna mambo ya kuthibitisha bila kuacha shaka, jaji au hakimu anaangalia mizani imeelemea wapi, hata kwa kidogo. Na mzigo anabeba anayedai. Ndio maana mtu aliyekopesha milioni tano kwa kuaminiana, hana karatasi, hana shahidi, hana hata meseji, anaweza kuwa anasema kweli tupu na bado akashindwa. Inaumiza sana kuona lakini mahakama haina macho ya kuona kilichotokea sebuleni kwenu.

Halafu kuna wanaokaa kimya. Kuanzia mahakama ya wilaya ukishapewa samansi una siku 21 za kuleta utetezi wa maandishi, ukiidharau mdai anaruhusiwa kuthibitisha peke yake na inatoka hukumu ya upande mmoja. Unaweza kuomba itenguliwe ila uwe na sababu ya kweli, "nilikuwa bize" haitoshi.

Njia ninayoipenda mimi ni usuluhishi, na watu wanaipita kama geti tu la kufikia kwenye kesi. Utetezi ukishaingia, wadaawa, yaani mdai na mdaiwa, wanakaa na msuluhishi, hahukumu mtu, anawasaidia kuongea, na mliyoongea mle hayawezi kutumika kama ushahidi baadaye, kwa hiyo unaweza kusema "ni kweli nadaiwa ila sina zote kwa mpigo" bila kujifunga. Mkikubaliana mnaandika hati ya makubaliano, mnasaini, mahakama inaisajili na inageuka kuwa tuzo, yaani amri rasmi ya mahakama, yenye nguvu ileile ya hukumu. Ila soma kila mstari kabla ya kusaini jamani, tuzo ya makubaliano haikatiwi rufaa! Unaweza kukubali kulipa kwa awamu nne, ukakosa moja, kumbe kuna kipengele kinasema deni lote linadaiwa siku hiyohiyo. Mkishindwana faili linaenda kusikilizwa na jaji au hakimu mwingine.

Na hata ukishinda, mahakama haikupelekei hela mlangoni. Mdaiwa asipolipa kwa hiari unarudi mwenyewe kuomba kukaza hukumu, yaani mahakama ilazimishe itekelezwe, una miaka 12 ya kufanya hivyo, usilale tu na nakala ya hukumu kabatini. Mahakama inaweza kuamuru mali yake ikamatwe na dalali wa mahakama aiuze kwa mnada, au pesa zake zilizoko benki zishikwe, au hata yeye mwenyewe akae gerezani kama mfungwa wa madai, ingawa hapo hela ya kumtunza kule ndani unaitoa wewe uliyeshinda. Nguo zake, vitanda, vyombo vya kupikia na vifaa vya fundi anavyofanyia kazi dalali haruhusiwi kubeba.