Mchezo wa kujifanya ni nini?

Mchezo wa kujifanya ni ule ambao mtoto anachukua kitu hiki na kukifanya kile, au yeye mwenyewe anageuka mtu mwingine, huku akijua fika kwamba sivyo. Mchanga unakuwa pilau. Chupa tupu iliyofungwa mgongoni kwa kipande cha kanga inakuwa mtoto mchanga, na inabembelezwa isilie. Kenya wengi wanauita kalongolongo, au cha baba na cha mama. Tanzania utasikia zaidi baba na mama, au kupikapika. Majina hayo yanakupeleka moja kwa moja jikoni, ila dhana yenyewe ni pana kuliko jiko.

Hayo maneno "huku akijua fika" ndiyo kiini chake, na watu wazima wengi hatuyaamini. Tunadhani mtoto amechanganya mambo. Jumamosi moja niliachiwa watoto wawili wa kaka yangu, wa kike miaka 6 na wa kiume miaka 4, wazazi wao wakiwa kwenye shughuli. Yule wa kike akaniletea pilau ya mchanga kwenye kifuniko cha ndoo. Nikajitia kuipenda sana, nikaipeleka mdomoni karibu kupita kiasi. Alipiga kelele: "Shangazi! Si unajua ni mchanga?" Aliniangalia kama mtu asiye na akili timamu. Kisha, bila kupumua, akaniuliza kama niongezewe kachumbari.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliliandika jambo hilo kwa kumtazama binti yake mwenyewe. Mtoto alikuwa na miezi 15 hivi. Akakamata kitambaa kilichomkumbusha mto wake, akaweka kidole gumba mdomoni, akajilaza kama anayesinzia, huku akicheka sana. Anayesinzia kweli hacheki. Huko ndiko mchezo huu unakoanzia, na mtoto akifika miaka 3 au 4 tayari anawagawia wenzake nafasi, na wewe uliyeachiwa ulezi unapewa ya kwako.

Watu hupenda kuutenganisha na rede au kombolela kwa kusema kwamba huku hakuna sheria. Si kweli. Hakuna mshindi, hilo sawa, lakini sheria zipo, na ni kali. Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky alilieleza hili mwaka 1933: ukishakubali kuwa mama, unabanwa na mwenendo wa mama. Nafasi yenyewe ndiyo inayokuja na sheria zake.

Mimi sheria hizo nilizionja siku hiyohiyo, baada ya pilau. Viti vya plastiki vilipangwa kibarazani viwili viwili, ikawa daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo. Dada mtu konda, mdogo wake dereva, usukani mfuniko wa sufuria. Nikaomba niendeshe kidogo. "Wewe abiria. Abiria haendeshi," konda akanijibu, halafu akanisukuma nisogee nyuma, ingawa nyuma hapakuwa na mtu. Nauli jani moja la mwarobaini. Nilipotoa mawili nilirudishiwa chenji, nusu jani.

Lakini wa kutazamwa alikuwa dereva. Huyu ni mtoto asiyemaliza sahani ya wali bila kuzunguka meza mara tatu. Kwenye daladala alikaa kama dakika 20, macho mbele, kwa sababu dereva haachi usukani. Hakuna mtu aliyemwambia atulie. Vygotsky alisema mtoto akicheza anakuwa kama amejizidi kimo kwa kichwa kizima, na mimi nilikiona hicho kichwa kinavyoongezeka.

Kwa hiyo kazi ya mlezi ni ndogo kuliko anavyodhani. Hakikisha jiko lao ni mawe matatu tu na kiberiti kiko mbali, halafu pokea nafasi uliyopewa. Ukianza kuwasahihisha kwamba daladala haina viti vya bluu, au kugeuza mchezo somo la kuhesabu nauli, watakuvumilia kidogo kwa adabu, kisha wataondoka. Na uwe tayari kujisikia ukiigizwa: yule wa kike alipokuwa mama aliiweka sabuni sikioni, akasema "Subiri, naongea," akaendelea kusema hivyo hivyo mpaka mtoto wake wa chupa akalala. Sikuuliza alikoyatoa.

Wazazi walirudi jioni, tumekwama kwenye foleni. Hakuna aliyemkimbilia mama. Konda alinyoosha mkono tu: "Mama, nauli." Mama akacheka, akachimba mkoba, akatoa sarafu ya shilingi 200. Konda akaigeuza huku na huku, akamrudishia.

"Hii hatupokei."

Ikabidi mama ashuke kibarazani, na viatu vyake vya shughuli, akachume jani.